Vuga Juu, Visiwa Chini

Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda Milima ya Usambara huku mvua ikiwapiga, wakafika Vuga, makao makuu ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, na hapo wakasimamishwa. Mji wenyewe haukuwa wa kuingia mgeni. Wakapewa pa kulala nje yake, na jioni wakapelekwa mbele ya mfalme. Kimweri ye Nyumbai alikuwa amezeeka mno. Aliinuka nusu kitandani, akawaonyesha vigoda vya kukalia, na baada ya maamkizi akaingia kwenye lile lililokuwa likimsumbua: alikuwa amesikia kwamba Wazungu wanazijua nyota, miti na mawe, basi na wampikie dawa ya kumrudishia nguvu za ujana. Burton hakuwa na dawa hiyo. Aliandika baadaye kwamba Vuga ilikuwa na vibanda kama 500 na watu wapatao 3,000, idadi ambayo mwenyewe alisimuliwa tu, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuhesabu.

Kwa zaidi ya miaka arobaini mzee huyo alikuwa ametawala nchi iliyoanzia kwenye vilele vya Usambara hadi fukwe za Tanga na Pangani. Na kiti chake kilikaa mahali ambapo mtu wa Ulaya wa zama za kati, anayejua ngome ni nini, angelishangaa. Hapakuwa na handaki la maji, wala daraja la kuinuliwa usiku.

Handaki nalitaja kwa sababu. Uingereza ya karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14 ilijaa nyumba za mabwana wa ardhi zilizozungushiwa mitaro ya maji, na hadi leo mabaki yake yanahesabika kwa maelfu, mengi yakiwa mashimo ya mraba yaliyoota majani katikati ya mashamba. Mtaro ule ulizuia wezi na kumpa mwenye nyumba heshima mbele ya majirani. Mara nyingi kando yake palichimbwa mabwawa ya samaki, kwani kanisa liliwakataza waumini nyama siku za Ijumaa na katika Kwaresima nzima, na bwana mwenye bwawa lake hakupungukiwa na kitoweo. Maji yaleyale yaliyomlinda yalimlisha. Ukilishika jambo hilo moja, ulinzi na chakula kukaa mahali pamoja, utaiona historia ya Usambara ya karne ya 19 kwa jicho jingine. Huku kwetu vitu hivyo viwili viliachana: ngome ilikaa juu mlimani, samaki wakabaki chini mtoni. Walio juu na walio chini hawakuyamaliza mambo yao sawasawa.

Tuanze juu. Habari za mwanzo wa Vuga zimeandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi miaka mingi karibu na wakubwa wa Kikilindi kabla ya kupewa kazi na Wajerumani huko Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kinamtaja Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Nguu. Mbegha aliota meno ya juu kwanza, akawa kigego, na kigego kwa desturi ya siku zile ni mtoto wa kuuawa. Wazazi wakamficha. Alipokua, ndugu wakamnyima urithi, akashika mikuki na mbwa wake akaondoka. Usambara ilikuwa ikisumbuliwa na nguruwe mwitu waliofukua mashamba usiku. Mbegha akawaua, nyama akawagawia wenyeji, wao wakampa vyakula vya shambani. Kisha akaamua kesi zao. Kisha akaua simba. Ukoo wake ukapewa nchi, na mtawala akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria huuweka ujio wake katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Wanaomkataa Mbegha wa hadithi, wakisema ni ngano ya kuhalalisha utawala wa wageni, wanayo hoja, ila ngano yenyewe inasema jambo la kweli kuhusu ufalme ule: ulianza kwa nyama. Mfalme ni yule anayeleta kitoweo, na baadaye ni yule anayeletewa.

Wasambaa hawakupenda kuishi nyikani. Nyika ilikuwa joto, homa, wanyama na maadui. Nchi yao ilikuwa ile ya juu inayoota migomba, yenye ukungu wa asubuhi na vijito visivyokauka. Lakini vijiji vingi vikubwa vilipenda ukingo, pale mlima unapokatika na kuangalia tambarare, na sababu yake ni ya kilimo zaidi ya vita. Mtu wa ukingoni alikuwa na migomba nyuma ya nyumba, na kwa mwendo wa saa chache za kuteremka alikuwa na shamba la pili nyikani. Mvua ikikosa upande mmoja, huenda ikapatikana upande wa pili. Vuga ilikaa hivyo, upande wa kusini wa milima, na faida ya vita ikaja juu ya hiyo. Njia zinazopanda kutoka bondeni ni nyembamba na zina kona nyingi. Kundi la watu wenye mizigo likianza kupanda, walio juu wanaweza kulihesabu, kujadiliana, kupeleka mjumbe na kuamua, kabla mtu wa kwanza hajafika nusu ya safari.

Nyumba zilikuwa za msonge, paa la majani likishuka karibu ligusane na ardhi, mlango wa kuinamia, moto katikati, na mbuzi wakilala ndani na watu. Kwa mbali ungezikosa miongoni mwa migomba. Ulinzi mwingine wa Vuga haukuonekana kabisa kwa macho. Mfalme alikuwa na mvua. Aliweza kuiponya nchi, na aliweza kuiharibu, na watu waliamini kwamba uganga wake ukipingana na uganga wa mkuu mwingine, nchi yote inaumia. Ndiyo maana mgeni alizuiwa mlangoni: Vuga ilikuwa na mambo ya mababu, na mambo ya mababu hayachezewi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika mwaka 1848 na kurudi tena mwaka 1852, alipokewa vizuri na Kimweri, akaahidiwa ardhi ya kujenga misheni mlima Tongwe, mbali kabisa na kiti chenyewe. Mfalme alijua kumkaribisha mtu na kumweka mbali naye kwa neno moja.

Chakula kilitoka wapi? Kwa watu. Kimweri aliwatawanya wanawe katika nchi, kila mmoja akapewa mji wake, na kutoka katika miji hiyo kodi ilipanda Vuga: ng'ombe, mbuzi, mahindi, ndizi, nguo za pwani, na kazi ya mikono katika mashamba ya mfalme. Miji ya pwani ilikuwa na madiwani waliothibitishwa na Vuga, ingawa kila mwaka mkono wa Sultani wa Zanzibar ulizidi kunenepa pale. Mji wa watu 3,000 juu ya mlima, wengi wao wakiwa wake wa mfalme, wazee wa baraza, wajumbe na watumishi, haukuweza kujilisha kwa migomba ya kuuzunguka. Uliishi kwa njia zile nyembamba zilizopanda. Ghala lake lilikuwa utii wa watu, na utii ni chakula kisichowekeka.

Sasa tushuke. Chini ya Usambara, upande wa kusini na magharibi, unapita mto ambao juu huitwa Ruvu na chini huitwa Pangani. Unatoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unaingia nyika kavu, unatanuka na kujigawa katika matawi, unaacha visiwa, kisha unajikusanya tena na kushuka kwenye maporomoko kuelekea baharini. Karibu na Korogwe unapokea maji ya Luengera, mto unaotenganisha Usambara ya Magharibi na ile ya Mashariki. Visiwa hivyo ndivyo vilivyokaliwa. Wazigua wa Korogwe na majirani zao Waruvu, kabila dogo la wavuvi lililoishi mtoni kuelekea Upare, walijenga vijiji vyao katikati ya maji. Wasafiri wa karne ya 19, akiwemo Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 na mwaka 1890, walivikuta vijiji hivyo vikiwa na madaraja ya magogo na miti iliyofungwa kwa kamba, membamba kiasi kwamba mzigo mkubwa ulikuwa taabu kuuvusha.

Ukisimama kwenye ukingo wa mto ule leo utaelewa haraka. Maji ni ya rangi ya udongo, hayaonyeshi kina chake. Miti ya kando imeinama juu ya mto, mizizi nje. Mkondo haukimbii sana, ila una nguvu ya chini chini ya kumzoa mtu miguu. Halafu kuna mamba na viboko. Mwenyeji anajua wapi pa kuchota maji na wapi si pa kuchota, anajua gogo lipi la daraja limeoza. Adui hajui. Huko Ulaya bwana alilazimika kuajiri watu wa kuchimba mtaro na kuugeuza mto uujaze. Waruvu mto uliwachimbia, na mamba hawakudai mshahara.

Adui alikuwa nani? Kwanza Wamaasai. Nyika ile ilikuwa malisho yao ya msimu, na vijana wao walishuka kutafuta ng'ombe hadi karibu na pwani. Mmaasai wa siku zile hakuwa mtu wa mitumbwi, wala hakula samaki. Kijiji cha wavuvi kisiwani hakikuwa na kitu alichokitaka, na hata kama kulikuwa na ng'ombe wachache, kuwavusha kwenye daraja la gogo moja usiku wa vita ni kazi isiyolipa. Adui wa pili alikuja na bunduki, naye alitafuta watu. Nitamfikia.

Chakula cha kisiwani kilikuwa mlangoni. Migono ilitegwa kwenye mifereji midogo kati ya kisiwa na kisiwa, mahali samaki wanapolazimika kupita maji yanapopungua. Nyavu na ndoana zilifanya kazi kwenye maji mapana. Perege waliliwa wabichi, kambare walikaushwa juu ya moshi, na samaki mkavu ni chakula cha safari na ni bidhaa pia. Mto ulipofurika masika ulirutubisha kingo, na maji yaliporudi nyuma watu walipanda mahindi na mboga kwenye tope lenye joto. Ndizi ziliota visiwani kwenyewe. Hii ndiyo nyumba ya mtaro na bwawa la samaki, isipokuwa haikuwa na bwana mmoja. Mtaro ulikuwa wa wote.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi wa kuchimba, upo, ila uko mbali na Usambara. Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga nchini Uganda, ina mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita kumi yaliyochimbwa kwa mikono karne nyingi zilizopita, na jirani yake, Ntusi, kuna mabwawa makubwa yaliyofukuliwa kwa ajili ya maji ya mifugo. Wafugaji wale walikuwa na sababu ya kuhamisha udongo kiasi hicho: walikuwa na ng'ombe wengi wa kuwazungushia mtaro. Usambara haikuwa na haja hiyo. Aliyetaka kujikinga alipanda, na asiyetaka kupanda aliingia mtoni.

Katikati ya juu na chini kulikuwa na mahali pa tatu, napo ndipo palipokuja kuwashinda wote kwa muda. Mazinde iko chini ya ukuta wa magharibi wa Usambara, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Hapana mlima wa kuilinda wala mto wa kuizunguka. Ina barabara. Kimweri alimweka hapo mwanawe Semboja, na Semboja akaelewa mapema kuliko ndugu zake kwamba dunia inageuka. Pembe zilipita mlangoni kwake, nguo na baruti zikarudi kwa njia hiyohiyo. Alivaa kipwani, alipenda vitu vya pwani, aliwajua wafanyabiashara kwa majina, na bunduki akazikusanya.

Wazigua walikuwa wamekwisha kuonyesha bunduki zinafanya nini. Walizipata kabla ya Wakilindi, na Kimweri aliwahofia uzeeni mwake. Mwaka 1853 Sultani Said wa Zanzibar aliweka askari kwenye ngome ya mlima Tongwe, sehemu ileile aliyoahidiwa Krapf, na Burton alipopita alikuta kikosi cha Wabuluchi kimekaa pale kimechoka na homa. Kwa mgeni ilionekana kama msaada kwa Vuga. Kwa mtazamo wangu ilikuwa dalili kwamba mfalme wa mvua hakuweza tena kuilinda njia yake mwenyewe ya kwenda baharini.

Kimweri akafa mwaka 1862. Mwanawe mkubwa alikuwa ametangulia, hivyo kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu. Kijana akatawala akiwa na baba wadogo waliomzidi umri, waliozoea miji yao, na ambao kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kupokelea kodi. Kwa desturi wakuu wale walipaswa kuhofu: baba aliyewaweka angeweza kuwaondoa. Mbele ya mtoto wa ndugu yao hofu hiyo ilipungua. Semboja hakuhitaji zaidi ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipanda Vuga na wapiganaji aliowakusanya kutoka nje ya Usambara, akaiteka, mji ukachomwa na kutawanywa. Shekulwavu alikimbia na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Aliyeshinda hakukaa Vuga. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha mababu, na mwenyewe akarudi Mazinde kwenye barabara yake.

Hapo ndipo napaona pigo lenyewe, kubwa kuliko moto. Mlima ulibaki mlima, njia zilibaki nyembamba, wala hakuna mtu aliyeusogeza ukingo wa Vuga hata hatua moja. Kilichokatika ni msururu wa watu wanaopanda na mizigo kichwani. Mkuu wa kila mji alianza kula alichokusanya, na alichokikosa akakitafuta kwa kuteka. Mfalme wa Vuga alikuwa na jina, na wakuu walikuwa na chakula.

Upande wa mashariki, Wabondei wakaasi karibu na mwaka 1869, vita wanavyoviita Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Kibanga, ndugu wa Shekulwavu, aliendeleza vita dhidi ya Semboja. Ikawa kama miaka ishirini ya kijiji kulala macho. Katika miaka hiyo binadamu ndiye aliyegeuka bidhaa. Mashamba ya miwa ya Pangani na ya mikarafuu ya Pemba na Unguja yalitaka mikono, na njia ya kuelekea bahari ilikuwa fupi. Mtu aliyetekwa mlimani wiki hii angeweza kuwa pwani wiki ijayo. Ugomvi wa mipaka, deni, tuhuma za uchawi, vyote viligeuka kuwa njia ya kumuuza jirani. Watu wa milimani walijenga mahali pa shida zaidi, kwenye vilele na ndani ya vichaka vya miiba vyenye mlango wa kupitia mmoja mmoja, wakaacha mashamba ya chini ambayo ndiyo yaliyokuwa akiba yao mvua ikikosa. Usalama waliupata kwa kukubali njaa.

Visiwani bei haikuwa hiyo. Daraja lilipoondolewa usiku, mgono ulibaki ndani ya mtaro. Waliozingirwa walikuwa na maji ya kunywa, samaki wa kula na ndizi za kuchoma, na waliowazingira walikuwa nyikani kwenye jua. Sisemi visiwa havikuwahi kuvamiwa, wala kwamba Wazigua wenyewe hawakushiriki katika biashara ya watu, walishiriki sana. Ila Baumann na wenzake walipopita miaka ya mwisho kabla ya Wajerumani kuikamata nchi, Vuga walikuta kiti kisicho na nguvu, na vijiji vya mtoni walivikuta bado vimekaa kwenye maji yao.

Baumann mwenyewe alionja vurugu za miaka ile. Mwaka 1888 alisafiri Usambara na Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig aliyekuja kuwa maarufu mwaka uliofuata kwa kufika kilele cha Kilimanjaro. Pwani ikalipuka kumpinga Mjerumani, wapagazi wakawakimbia, mali yao ikaporwa, nao wakashikwa na watu wa Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, karibu na Pangani na kufungwa minyororo hadi walipokombolewa kwa fedha. Baada ya hapo Wajerumani walirudi na mizinga. Semboja akapatana nao, maana aliijua thamani ya bunduki kubwa kuliko zake. Alikufa mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa. Mkilindi mwingine, Kinyashi, akawekwa Vuga, na mwaka 1898 mji ukaungua tena, safari hii haukurudi kuwa mji ule. Mwaka 1902 Kinyashi akakiacha kiti.

Wajerumani walikuwa na kipimo chao cha mahali pazuri. Makao ya wilaya waliyaweka Lushoto, wakayaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, bondeni mwenye baridi na mikaratusi, ambapo Mzungu angelala bila chandarua. Reli yao waliipitisha chini. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikaifuata ileile njia ya misafara hadi Moshi. Mashamba ya katani yakafuata reli. Mazinde ikawa jina la shamba la mkonge. Na pale nyikani, palipokuwa pa kupitwa mbio na mkuki mkononi, watu wakaanza kujenga kwenye ardhi kavu karibu na stesheni. Hakukuwa tena na sababu ya kuvuka gogo kila jioni ili kulala. Kitu kilichozuia mvamizi kilikuwa pia kikizuia mkokoteni.

Maji ya mlimani yalikuwa na historia yake, nayo haina samaki. Wakulima wa Usambara, kama jirani zao wa Upare, walijua kuchepusha kijito, kukipeleka kwa mfereji kwenye kiuno cha mlima na kukigawa shambani kwa zamu. Mahali maji ni haba huchimba ndiva, bwawa la kukusanya maji usiku kucha ili asubuhi yatoke na nguvu ya kufika shamba la mwisho. Ndiva ina mwenye zamu, ina mzee wa kuamua ugomvi, ina siku ya kufukua tope ambapo kila kaya inatoa mtu. Lakini ndiva hufunguliwa na kukauka, na samaki hapendi nyumba inayokauka kila siku. Samaki walikuwa wa mtoni, na walipanda mlimani wakiwa wakavu, kichwani kwa mchuuzi.

Mwingereza aliyechukua nchi baada ya vita ya kwanza ya dunia alikuja na hamu ya kufukua. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa Lushoto, kisha ikaupanua kuwa mpango wa Usambara nzima. Wakulima waliamriwa kulima matuta yaliyofungwa, mwanamke na jembe lake akichimba mtandao wa mitaro midogo kwenye mteremko mkali ili mvua isibebe udongo. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka, na amri ilitoka kwa mkuu wa Kikilindi kwa niaba ya bwana shamba. Mwaka 1947 mkuu Shebughe Magogo alijiuzulu baada ya watu kukusanyika kumkataa, akafuatwa na Kimweri Mputa Magogo. Watu walirudi kwenye lugha ya zamani: mfalme anaiharibu nchi, mvua imezuiwa. Mwaka 1957 mpango ukafa.

Katikati ya kelele hizo, mwaka 1949, serikali ilianza pia kuchimba mabwawa ya samaki ya majaribio. Kituo kimoja kilikuwa Malya, upande wa Mwanza. Kingine kilikuwa Korogwe. Kwa hiyo palepale ambapo Wazigua walikuwa wameishi katikati ya maji yenye samaki, wataalamu walichimba mashimo, wakayajaza maji ya mto na kutia perege, ili kumfundisha Mwafrika kufuga samaki. Rosemary Lowe, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, aliwachunguza perege wa mto huo na mwaka 1955 akawatangaza kwa majina ya kisayansi: mmoja akapewa jina la mto, leo Oreochromis pangani, mwingine akapewa la mji, leo Oreochromis korogwe. Samaki waliotegwa kwa migono vizazi kwa vizazi wakapata cheti.

Kampeni ya mabwawa iliendelea hata baada ya uhuru, na kufikia mwaka 1968 Tanzania ilikuwa na mabwawa ya samaki yapatayo 8,000. Mengine yalikuwa na ukubwa wa mita za mraba 20, sawa na chumba. Mengi yakaachwa. Samaki walizaana wakabaki vidole, ukame ukayakausha, vifaranga na chakula havikupatikana, bwana samaki akawa mbali. Nadhani kosa lilikuwa la kuligeuza bwawa kuwa kitu cha peke yake, kando ya maisha. Mtawa wa Ulaya alikuwa na bwawa kwa sababu Ijumaa ilikuja kila wiki. Mruvu alikuwa na mgono kwa sababu asingeweza kutoka nje. Mkulima wa Lushoto wa mwaka 1960 alikuwa na kabichi za kupeleka sokoni Tanga na Dar es Salaam, na shimo la perege wadogo lilimla muda wake bila kumlipa.

Mto nao umebadilishwa. Mtambo wa umeme wa Hale ulianza kazi mwaka 1964, na katikati ya miaka hiyohiyo likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu juu zaidi, kati ya Kilimanjaro na Upare, ili maji ya mitambo yasipungue kiangazi. Ziwa jipya likawa na samaki wengi mno miaka ya mwanzo, wavuvi wakahamia kutoka kila pembe. Huku chini, mafuriko ya masika yaliyokuwa yakitawanyika kwenye kinamasi cha Kirua yakadhibitiwa, kinamasi kikanywea, na wavuvi wa kingo wakapoteza msimu wao. Sasa wafugaji wa samaki wa bonde la Pangani wanapendelea sato, anayekua haraka, na sato akitoroka bwawani wakati wa mvua kubwa huingia mtoni na kuzaana na perege wa asili. Wataalamu wanaofuatilia mto huo wanazidi kukuta mchanganyiko katika maji ambayo Lowe alimkuta korogwe halisi.